Bure Sio Sawa: Uzi wa Historia ya Ahadi ya Elimu Kenya

1. Kila msimu wa siasa ukifika, kuna sentensi moja utaisikia kwenye kila jukwaa, upande wowote ule: "Mtoto wa maskini atasoma kama mtoto wa tajiri." Watu wanapiga makofi, mheshimiwa anaruka kwa barabara na maji, na stori inaishia hapo. Huu uzi unauliza hiyo ahadi ilianza lini, ilitekelezwa vipi, na kwa nini hadi leo bado inaahidiwa. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaja jina hapa, watu wanaacha hoja na kuanza kupigania jina.

2. Nitoe hoja yangu mapema usije ukapotelea njiani. Kuna maneno mawili: "bure" na "sawa". Kwenye mijadala yetu tunayatumia kama neno moja. Karo ikiondolewa, mlango wa shule unafunguka, na hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini mtoto akishaingia anakuta nini? Mwalimu yupo? Dawati? Maabara? Kenya imefungua mlango mara kadhaa bila kutengeneza chumba, na kila mara wenye uwezo wametafuta chumba kingine. Twende polepole, mwaka kwa mwaka.

3. Shule za wamishonari zilianzia Pwani, pale Rabai, miaka ya 1840. Ukoloni ulipokomaa, shule zikagawanywa kwa rangi: za Wazungu kivyao, za Wahindi kivyao, za Waafrika kivyao. Serikali ilitumia pesa nyingi zaidi kwa mtoto mmoja wa Mzungu kuliko kwa Mwafrika, tena kwa mbali sana. Prince of Wales School, ambayo leo ni Nairobi School, ilifunguliwa 1931 kwa wavulana wa Kizungu. Duke of York, leo Lenana School, ikafuata 1949. Angalia hayo majina vizuri, tutakutana nayo tena.

4. Tofauti haikuwa ya majengo peke yake, hata masomo yalikuwa tofauti. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza Mwafrika apewe elimu "inayofaa mazingira yake", yaani kilimo, useremala, usafi wa kijiji. Kilimo sio kitu kibaya. Lakini wazazi waliona kabisa kwamba karani, daktari na wakili hawatoki kwenye somo la kuchimba mitaro. Walitaka watoto wao wasome kile mtoto wa Mzungu alikuwa anasoma.

5. Ndio maana kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, hasa Kikuyuni, watu walianza kujichanga na kujenga shule zao huru, nje ya mikono ya misheni. Mwaka 1939 wakaanzisha chuo cha walimu Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga. Kwa hivyo mtu akikuambia wazazi maskini hawajali elimu, mwambie kuna wakati walijenga shule kwa mikono yao na serikali ndiyo iliyokuja na kufuli.

6. Kabla ya hapo, 1949, ilikuja ripoti ya Beecher kuhusu elimu ya Waafrika. Iliweka ngazi ya miaka 4-4-4, na mtihani baada ya ile minne ya kwanza. Watoto wengi walitarajiwa kuishia hapo. Wachache wangeendelea hadi mtihani wa darasa la nane, na wachache zaidi wangeingia sekondari. Mfumo ulijengwa kama chujio, na kazi ya chujio ni kubakisha. Uhuru ulipokuja tulibadilisha waliolishika. Lenyewe hatukulitupa.

7. Uhuru, 1963. Chama kilichoingia madarakani kilikuwa kimeahidi elimu ya msingi ya bure. Tume ya Ominde ikaundwa na kutoa ripoti 1964: shule za rangi ziishe, watoto wote wa Kenya wawe na mfumo mmoja. Kwenye karatasi huo ni ushindi mkubwa, na kweli ubaguzi wa rangi shuleni uliondolewa. Lakini shule za waliokuwa Wazungu hazikugeuka kuwa kama zile zingine. Ziliruhusiwa kuendelea kutoza karo ya juu. Hoja iliyotolewa ni kulinda viwango.

8. Matokeo yake ni madaraja ambayo wazazi wa Nairobi wa wakati ule waliyajua kwa herufi: A ni zile zilizokuwa za Wazungu, B za Wahindi, C za Waafrika. Sheria ilikuwa imeondoa rangi mlangoni, sasa ukaulizwa pesa. Mtoto wa Mwafrika angeweza kukaa kwenye kiti cha shule ya A, bora tu mzazi awe na karo.

9. Hapa ndipo siasa inaingia, na kama unasoma nukta moja tu kwenye uzi huu, soma hii. Ni nani walikuwa na hiyo karo miaka ya 60? Wakubwa wa serikali mpya, mawaziri, makatibu, mameneja, wale waliochukua ofisi za Wazungu. Ghafla watu wenye uwezo wa kubadilisha mfumo walikuwa na watoto ndani ya sehemu yake nzuri. Usitafute njama. Mzazi yeyote angefanya vile. Lakini mtu ambaye mtoto wake anasoma vizuri hana haraka ya kurekebisha shule ambayo mtoto wake haendi.

10. Je, waliobaki nje? Wakajichanga tena. Shule za harambee zikachipuka kila mahali hadi za sekondari zikazidi zile za serikali kwa idadi. Tunapenda kuzisifu, na zilistahili sifa. Lakini harambee hujengwa na mtu mwenye kitu cha kuchanga. Sehemu za kahawa na chai zilijenga nyingi. Sehemu za wafugaji na sehemu kubwa ya Pwani zilijenga chache. Kwa hivyo hata kujitegemea kuliongeza pengo, bila mtu yeyote kukusudia.

11. Na kuna jambo chungu zaidi. Shule ya sekondari ya serikali ilikuwa na ruzuku, walimu waliosomea kazi, na karo ya chini. Shule ya harambee mara nyingi ilikuwa na walimu wasio na mafunzo, haina maabara, na karo yake ilikuwa juu zaidi. Nani aliingia ya serikali? Aliyepita mtihani vizuri. Na nani alikuwa na nafasi kubwa ya kupita vizuri? Aliyetoka msingi nzuri. Maskini akalipa zaidi kwa kitu kidogo, na pesa ya umma ikamfuata yule aliyekuwa tayari mbele.

12. Sasa tuje kwa "bure" ya kwanza. Mwaka 1971 karo iliondolewa katika wilaya kame. Tarehe 12 Desemba 1973, siku ya Jamhuri, ikatangazwa kwamba darasa la kwanza hadi la nne ni bure nchi nzima. Januari 1974 shule zikafurika. Watoto wa darasa la kwanza waliruka kutoka chini ya 400,000 hadi karibu 960,000. Hebu fikiria wewe ni mwalimu mkuu: umefunga shule Novemba, umefungua Januari, na watoto wa darasa la kwanza ni zaidi ya mara mbili.

13. Tangazo lilitolewa jukwaani kabla ya mpango kuwa mezani. Walimu hawakuwepo, wakaajiriwa wengi wasio na mafunzo. Madarasa hayakuwepo, kwa hivyo kamati za shule zikaanzisha "ada ya ujenzi". Kwa sababu karo ilikuwa marufuku lakini ada ya ujenzi haikuwa, sehemu zingine mzazi akajikuta analipa zaidi ya ile karo ya zamani. Wengi waliokuja Januari hawakumaliza. Pesa zilirudi kupitia dirishani.

14. Uongozi ulipobadilika 1978, ada hizo nazo zikapigwa marufuku, na 1979 yakaja maziwa ya shule, yale ambayo wazazi wetu wanayasimulia hadi leo. Watoto wakarudi tena kwa wingi. Tuseme ukweli: maziwa yalisaidia, na ni moja ya vitu vichache ambavyo vilimfikia mtoto mwenyewe ndani ya shule. Lakini mambo ya walimu na madarasa yalibaki yale yale.

15. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na KCPE yake. Wazo lilikuwa mtoto ajue kazi za mikono. Nani alijenga warsha? Wazazi. Nani alinunua vifaa vya sayansi kimu na sanaa? Wazazi. Shule ya mjini yenye wazazi wa mishahara ilijenga. Ile ya kijijini ilifundisha useremala bila msumeno, na mtihani ulikuwa ule ule mmoja kwa wote. Hapo ndipo unaona kwamba mtaala mmoja na mtihani mmoja haviwezi kuitwa usawa kama vifaa haviko sawa.

16. Kisha 1988, ripoti ya Kamunge na sera iliyofuata zikahalalisha "kugawana gharama". Ilikuwa enzi ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa kwamba serikali ipunguze matumizi. Serikali ilipe mwalimu, mzazi ashughulikie majengo, vitabu na mengine. Miaka ya 90 ikashuhudia kitu ambacho nchi huru haikutarajia: sehemu ya watoto wanaoenda shule ya msingi ikapungua badala ya kuongezeka. Uliza mtu aliyezaliwa miaka ya 80 kijijini kwenu kuhusu kufukuzwa shule kwa sababu ya pesa. Atakupa stori yake, na ya dada yake aliyebaki nyumbani.

17. Mwaka 1998 serikali ikasimamisha uajiri wa walimu wapya, isipokuwa kujaza nafasi zilizoachwa. Weka hiyo akilini, kwa sababu miaka mitano baadaye ikaja "bure" kubwa kuliko zote. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila karo nchi nzima. Watoto wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo huo. Kila mtoto akapangiwa Sh1,020 kwa mwaka. Watoto zaidi ya milioni moja wapya, na idadi ya walimu karibu ile ile.

18. Nataka nieleweke hapa. 2003 ilikuwa mojawapo ya siku nzuri za nchi hii. Kuna watu wanasoma uzi huu ambao bila ule mwaka wasingejua kusoma. Siwezi kukubali mtu aseme elimu ya bure iliharibu shule. Kilichoharibu ni kuleta mtoto bila kuleta mwalimu. Kuna madarasa yaliyopita watoto 100, na hata mwalimu awe mzuri namna gani, huwezi kusahihisha insha 100 jioni moja na kesho usahihishe tena.

19. Wenye uwezo walifanya nini? Walitoka. Shule za kibinafsi zikaongezeka kila mtaa. Na sio matajiri peke yao. Tabaka la kati la chini, mwenye duka, mwalimu mwenyewe wa shule ya umma, wengi wakapeleka watoto "akademi". Katika vijiji vya mabanda kama Mathare, Kibera na Mukuru, ambako shule za umma ni chache ukilinganisha na watu, hata maskini kabisa wakalipia shule za mabati. Septemba 2019, darasa la shule ya aina hiyo liliporomoka Ngando, Dagoretti, na watoto wakafa asubuhi wakiwa wameanza masomo. Hao walikuwa watoto wa wazazi wanaolipa, katika nchi ya elimu ya bure.

20. Mtu akihama shule ya umma anahama na watoto wake, na sauti yake inaenda naye. Yule mzazi aliyekuwa anajua kuandika barua kwa ofisi ya elimu, anayejua haki zake, anayeweza kusimama kwenye mkutano na kuuliza pesa za madawati zilienda wapi, hayuko tena. Wanabaki wazazi ambao wakiulizwa swali na mwalimu mkuu wanaangalia chini. Shule inapoteza ulinzi wake wa kisiasa, na bajeti inajua ni wapi hakuna kelele.

21. Lakini wale waliotoka hawakutoka moja kwa moja, na hapa naona mijadala mingi inapotea. Mtoto alikuwa anasoma akademi hadi darasa la nane, anapata alama za juu, kisha anarudi shule ya umma, ile ya kitaifa, yenye maabara, maktaba, uwanja na ruzuku. Zile Nairobi School na Lenana za nukta ya 3 bado ziko, na ni mali ya umma. Tajiri anaondoka mahali mfumo wa umma ni dhaifu na kurudi mahali ni imara. Mtoto aliyevumilia darasa la watu 100 anapelekwa shule ya kutwa karibu na kwao.

22. Serikali ilijaribu kuligusa hilo 2011 kwa kuweka mgawo, ili watahiniwa wa shule za umma wapate sehemu kubwa ya nafasi za kitaifa. Wenye shule za kibinafsi walipinga vikali. Walisema mtoto anaadhibiwa kwa sababu mzazi wake alijinyima, na hoja hiyo ina uzito, kwa sababu wengi wao hawakuwa matajiri. Baadaye idadi ya shule za kitaifa ikaongezwa kutoka 18 hadi zaidi ya 100. Nyingi zilibadilishiwa jina kwenye kibao kabla ya kubadilishiwa maabara.

23. Sekondari nayo ilipata "bure" yake: 2008, masomo ya kutwa, Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na 2018 ikapanda hadi Sh22,244. Msingi leo ni Sh1,420. Tupige hesabu. Wiki za masomo ni kama 39, siku tano kila wiki. Sh1,420 inatoka kama shilingi 7 kwa siku. Mshahara wa mwalimu unalipwa kando na TSC, tuwe wakweli, na vitabu vimekuwa vikinunuliwa na serikali moja kwa moja tangu 2018. Lakini chaki, umeme, ukarabati, karatasi, vyote viko ndani ya hizo shilingi 7. Andazi hununui.

24. Na mara nyingi mgao huo unachelewa. Ukichelewa, mwalimu mkuu anafanya nini? Anaita wazazi. Pesa ya karatasi za mtihani, pesa ya chakula, pesa ya mwalimu wa bodi kwa sababu TSC haijaleta. Ni ile ada ya ujenzi ya 1974 imevaa nguo mpya. Shule yenye wazazi wenye kitu inaziba pengo ndani ya wiki. Isiyo nao inakaa na pengo muhula mzima.

25. Pesa pia sio kila kitu. Baada ya mashambulizi ya Mandera 2014 na ya Garissa Januari 2020, walimu wasio wenyeji waliondoka Kaskazini Mashariki, na 2020 TSC yenyewe iliwahamisha wengi. Watoto wa Garissa, Wajir na Mandera wakabaki na majengo. Walimu waliogopa kufa, siwalaumu. Lakini mtihani wa kitaifa haukuwa na karatasi tofauti kwa mtoto ambaye hakuwa na mwalimu wa hesabu.

26. Kama kuna mtu alikuwa na shaka, 2020 ilimaliza. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona. Shule za kibinafsi zenye uwezo ziliendelea kwenye intaneti kama kawaida. Wengine waliambiwa wafuate vipindi vya redio na televisheni. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, wengine wote Januari 2021. Nchi moja, mtaala mmoja, na miezi ambayo mtoto mmoja alisoma, mwingine akauza maji.

27. CBC imebadilisha mengi, lakini swali limebaki lile lile. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa mwanafunzi wa sekondari pevu anachagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nzuri sana. Lakini kuchagua sayansi kunahitaji shule yenye maabara. Kama shule iliyo karibu nawe haina, umechaguliwa tayari, hata kama fomu inasema ni wewe umechagua. Warsha za 1985, mnazikumbuka?

28. Sasa hoja ambazo zinarudi kila wiki. Ya kwanza: "Watoto wa viongozi walazimishwe kusoma shule za umma." Naelewa hasira, na mantiki iko, ndiyo ile ya nukta ya 9. Shida ni kwamba wengi watatimiza sharti hilo kwa kuwapeleka shule tatu nne nzuri za umma mjini, na zitapendeza zaidi. Sharti lenye meno lingekuwa kwamba hakuna shule ya umma inayoruhusiwa kushuka chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho kitangazwe.

29. Ya pili: "Fungeni shule za kibinafsi." Kesho asubuhi hao watoto wa Mathare na Mukuru wataenda wapi? Shule za umma za kuwapokea hazijajengwa. Anza na kujenga na kuajiri. Shule ya umma ikiwa nzuri, mzazi hatalipa akademi kwa kupenda kulipa.

30. Ya tatu: basari. Tangu CDF ianze 2003, na sasa kaunti nazo, basari imekuwa jibu la kila kitu. Imesomesha watu, hata mimi nina marafiki chuoni waliofika kwa basari. Lakini angalia inavyofanya kazi. Mzazi anapanga foleni, anajaza fomu, anatafuta sahihi ya chifu, kisha kwenye mkutano anaambiwa ashukuru. Haki imegeuzwa fadhila. Na basari inamtoa mtoto mmoja kutoka shule mbaya, shule inabaki mbaya kwa wenzake 40.

31. Ya nne: "Mtoto mwerevu atafaulu popote." Kila mwaka matokeo yakitoka tunaona picha ya mtoto aliyesomea taa ya koroboi na kupata alama za juu. Tunafurahi, tunachanga, ni sawa. Lakini huyo anaonyesha tu kwamba uwerevu uko kila mahali. Wale wenzake wa darasa ambao hatukuwaona gazetini, nao walikuwa werevu wangapi? Beecher pia angekubali picha hiyo. Chujio huwa lina wanaopita.

32. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Usawa uko Kifungu cha 27. Hazina ya Usawazishaji ya Kifungu cha 204, ya maeneo yaliyotengwa, inataja maji, barabara, afya na umeme. Shule haikutajwa kwa jina. Sheria imeshika "bure" vizuri. "Sawa" imeachiwa bajeti, na bajeti ni siasa.

33. Kwa hivyo mtu akija na ile sentensi ya nukta ya 1, usimwulize kama elimu itakuwa bure. Atasema ndiyo kabla hujamaliza. Muulize: Mwalimu mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi kwenye wadi yetu, na mpaka mwaka gani? Mgao utafika wiki ya ngapi ya muhula? Shule yetu isiyo na maabara itaipata lini, na pesa zitatoka mfuko gani? Shule iliyoachwa nyuma itapewa zaidi ya ile iliyo mbele, au zote zitagawiwa sawa na pengo likae pale pale?

34. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu lina watakaopoteza. Kumpa zaidi aliye nyuma ni kumwambia aliye mbele asubiri, na aliye mbele ndiye mwenye simu ya mheshimiwa. Ndio maana "bure" imetangazwa 1971, 1973, 1978, 2003 na 2008, na sijaona siku ya Jamhuri hata moja ambayo mtu alisimama akatangaza idadi ya walimu. Kama shule ya msingi iliyo karibu nawe ni ya umma, pita uulize darasa moja lina watoto wangapi na walimu wangapi wanalipwa na wazazi. Andika jibu hapa chini pamoja na kaunti, bila jina la shule wala la mwalimu. Tukizipata za kutosha, uzi unaofuata utakuwa wa hizo namba.